Mlango wa Mbayuwayu

Olszanów, Jumatano, 28 Agosti 2019

Dada yangu Ludka,

Kwanza goti. Usiniambie ni zima kwa sababu mwanao Irena ameshanipigia simu na kunisemea yote: kwamba daktari amekukataza ngazi, na kwamba siku mbili baadaye umekutwa juu ya kiti ukipangusa madirisha. Dada, una miaka sitini na saba. Madirisha ya Szczecin yakikaa na vumbi wiki moja hakuna atakayekufa. Sisi huku tu wazima kwa jumla. Mvua ilitukimbia mwezi mzima, viazi vimetoka vidogo mpaka mke wangu Bożena anaona haya kuvimenya, na mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kwamba nilikuwa fundi chuma wa reli kwa miaka thelathini na saba. Bożena anakusalimu sana. Alitaka nikutumie chupa ya jemu ya plamu nikakataa, itapasuka njiani. Ipo kabatini, uje uichukue mwenyewe.

Najua unajiuliza kwa nini naandika ilhali Jumapili ya tarehe kumi na nane tulizungumza kwenye simu, ukalia, na mimi nikalia kama mtoto. Tulia. Kuna maneno nikiyasema kwenye simu nitayameza nusu, na haya sitaki kumeza hata moja. Soma tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuruka. Nakujua wewe, ulikuwa ukisoma kurasa za mwisho za vitabu kwanza.

Nakala ya gari la babu imekwisha kuundwa. Miaka sita, wazee saba, banda moja la matrekta lenye paa linalovuja, na hatimaye Mbayuwayu amesimama kwa magurudumu yake manne, kapakwa rangi ya kijani na hudhurungi, mzinga wake mdogo ukitazama barabara. Juzi tulimwasha akatikisa madirisha ya jirani. Hakuna gari la deraya la aina yake lililosalia popote nchini, wala mchoro wake. Tulikuwa na picha mbili tu, zote zilipigwa na Wajerumani baada ya pigano, gari limeungua na mlango wa kushoto haupo. Zenon alipima kila kitu kwa buti la Mjerumani aliyesimama kando ya gurudumu. Nikamwambia kama yule bwana alikuwa na mguu mdogo basi sisi tunaunda gari la chekechea. Hakucheka. Zenon hacheki.

Ndiyo, ni Zenon Pluta yule yule, mkuu wa kikundi chetu. Najua ulivyokunja uso.

Acha niandike habari yenyewe yote, si kwa ajili yako, maana wewe uliibeba kuliko sisi sote, ila wajukuu zako wakiokota barua hii siku moja waelewe. Ndani ya Mbayuwayu wa kweli walikuwamo watu watatu: Luteni Gradowski aliyeamrisha, Teofil Pluta aliyeshika mzinga, ambaye ni babu yake Zenon, na Walenty Kobiela, babu yetu, dereva. Tarehe nane Septemba 1939 gari lilipigwa ng'ambo ya daraja. Watu waliojificha kwenye mnara wa kanisa walimwona dereva akikimbia kwenye shamba la viazi, kajikunja kama mwizi, na nyuma yake gari linawaka. Luteni alitambuliwa ndani ya gari, Teofil akadhaniwa kaungua akawa majivu, na wote wawili wakaandikwa kwenye jiwe la mashujaa. Yeye akarudi nyumbani mzima, hana hata mkwaruzo, na alipoulizwa alisema neno moja tu, kwamba mlango ulitoka. Kisha Januari ile akatoka na farasi na kijisleji, kile kigari kisicho na magurudumu cha kuteleza juu ya theluji, akarudi na mlango wenyewe, akaufunga kwenye banda la kukaushia nyama kwa moshi. Bibi Rozalia akatundika soseji nyuma yake miaka yote.

Mji huu nao una midomo. Wakasema aliwaachia wenzake moto akajichukulia mlango. Watoto wa Olszanów walizaliwa wakiujua ule mzaha kabla ya sala: “Mlango uko wapi, Kobiela?” Baba aliambiwa hivyo kwenye foleni ya mkate. Mimi niliambiwa shuleni. Na wewe ukaambiwa siku ya harusi yako, dada, vijana walipoziba njia kama desturi ili bwana harusi awape vodka ndipo wapite. Kila mahali huziba kwa kamba yenye maua. Wao waliziba kwa mlango wa banda la kuku. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimekaa kiti cha mbele cha lile gari la kukodi, nikamwona Zenon wa rika langu kashika pembe ya mlango ule akicheka mpaka machozi. Wewe ulitazama mbele tu. Miaka arobaini na mitano hujarudi ila kwa mazishi ya baba, na siku hiyo hukula hata kipande cha mkate.

Sasa utaniuliza kama ulivyoniuliza mara kumi, mtu ana akili gani ya kwenda kuunda gari pamoja na Wapluta. Nilijibu na leo najibu tena: sikwenda kwa ajili yao. Nilikwenda kwa sababu lile ni gari la babu. Nilisema moyoni kwamba mkono wa Kobiela ndio utakaochomelea usukani wake, wapende wasipende. Na Zenon, nimpe haki yake, hakunifukuza. Siku ya kwanza alinipa kofia ya kuchomelea na kuniambia nianze na bamba la chini. Basi.

Anazo sheria mbili na kwa sheria hizo ni mkali kuliko padri wa zamani. Ya kwanza, kila kipande kipya tunachokitengeneza hugongwa herufi R, ya neno replika, yaani nakala, upande wa ndani, ndogo kama ukucha, ili mtu wa kesho asidanganyike akadhani ameokota kitu cha vita. Anasema kuunda nakala si dhambi, dhambi ni nakala kujiita asili. Ya pili, hakuna kutia majeraha ya uongo. Wapo wenzetu wa mji wa jirani waliotoboa gari lao matundu ya risasi ili lipendeze kwenye maonyesho. Zenon alipoliona aligeuka akarudi kwenye basi. Alituambia sisi tunaunda gari, hatuundi vita.

Mwezi wa Juni nikautoa mlango wa babu kwenye banda la moshi. Kikundi kizima kilikuwa kinaungoja, maana ungekuwa kipande pekee cha asili kwenye gari zima. Na mimi nilikuwa nimeropoka, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimewaambia kwamba chini ya masizi na mafuta ya miaka themanini wataona risasi zilivyomtafuta Walenty Kobiela mlangoni, na wataona kama alikimbia mapema au alikaa. Waliosikia hawakusahau. Kila Jumatatu mmoja alikuwa ananiuliza, je, umeshausafisha?

Mwisho wa Juni niliwapelekea. Makovu matatu ya risasi, yamebonyea upande wa nje, mawili karibu na komeo na moja chini. Zenon aliyapitishia kidole moja moja. Kisha, dada, akakaa juu ya ndoo ya rangi na kulia. Alisema mtu anayesimama nyuma ya mlango unaopigwa hivi si mtu aliyekimbia. Juma lile lile kamati ya kumbukumbu ya miaka themanini ya pigano ikakubali jina la Walenty liandikwe pamoja na wale wawili kwenye bamba jipya la shaba, litakalofunuliwa tarehe nane Septemba. Katikati ya Agosti gazeti la wilaya likatoa picha ya mlango, mimi nimesimama kando yake nikitabasamu kama mjinga. Ndipo nikakupigia simu, nawe ukasema utakuja tarehe nane Septemba, na kwamba utanunua kofia mpya.

Siku nne baada ya simu ile alikuja bandani bibi mmoja kutoka Podlipie, ng'ambo ya mto, kaletwa na mjukuu wake kwa gari. Apolonia Wrona, miaka themanini na mitano, kanyooka kama mshumaa, mdomo haukai. Nilikuwa peke yangu, Zenon amekwenda kutafuta rangi. Alisema ameona gazeti na amekuja kuuona mlango wake. Nikamuuliza mlango wake kivipi, mama? Akasema nimpe kiti kwanza, nisiwe na haraka kama Mjerumani.

Akanisimulia. Alikuwa na miaka mitano. Mchana ule wamejificha kwenye pishi la viazi, baba yake akachungulia akaona askari anakuja kupitia shamba, kajikunja, anaburuta kitu. Alikuwa anaburuta mlango wa chuma kwa mikanda miwili ya suruali, na juu ya mlango amelala askari mwingine ambaye tumbo lake, bibi alisema, hakuruhusiwa kulitazama. Yule mwingine alikufa kizingitini kwao kabla jua halijatua. Walimzika kwenye bustani ya matofaa, na baada ya vita wakamhamishia makaburini bila jina, kwa sababu jina hawakulijua. Yule aliyeburuta alitaka kuandika majina. Baba yake Apolonia alikataa. Wiki ile Wajerumani walikuwa wamechoma nyumba ya jirani pamoja na waliokuwamo, kwa kosa la kumficha askari. Akamwapisha mbele ya picha ya Mama Maria kwamba hatataja nyumba hii wala kaburi hili kwa kiumbe yeyote mpaka yeye mwenye nyumba atakapomfungulia. Kisha mwenye nyumba akachukuliwa kambini mwaka 1943 na hakurudi. Hakubaki wa kumfungulia babu kiapo.

Mlango ulibaki ghalani kwao, umefunikwa majani. Januari yule askari alirudi na kijisleji kuuchukua, ili usije ukaonekana ukawaponza. Dada, habari ya kijisleji haijawahi kutoka nje ya nyumba yetu. Bibi huyu hakuweza kuipata popote isipokuwa kwa macho yake.

Kisha akaomba auone mlango. Akaupapasa juu, akaupapasa chini, akakunja uso. Aliniuliza kama nina hakika ndio wenyewe. Alisema vuli nzima yeye na kaka zake walikuwa wakiukalia ghalani kwa siri, na ulikuwa umejaa mikwaruzo mirefu, imekwenda upande mmoja, kama ubao uliopitishwa reki. Vidole vyao vilikuwa vinafuata mistari ile. Mikwaruzo iko wapi? Na haya mabonyeo ni ya nini, maana hayakuwapo?

Ludka, nakuandikia wewe nilichomficha yeye. Makovu yale niliyatia mimi.

Nilipousafisha mlango sikukuta hata alama moja ya risasi. Nilikuta mikwaruzo tu, mingi, na nikadhani ni ya kulabu za nyama. Nilikaa nao siku tatu. Nilisikia ule mzaha masikioni, nikakuona wewe na shela lako unatazama mbele. Siku ya sikukuu ya Ekaristi, mji mzima uko kwenye maandamano nyuma ya padri, Bożena naye akiwa na kikapu chake cha maua, mimi nilimwambia mgongo unauma. Nikachukua grinda nikasawazisha uso wa nje ili makovu yaonekane vizuri. Kengele zinapigwa barabarani na mimi nasaga. Chuma kile ni kigumu, tindo ilikuwa inaruka, ikabidi nikipashe moto kwa gesi mpaka kiive ndipo kikubali. Halafu siki na chumvi, wiki moja, kikapata kutu ya kizee. Kazi safi. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile na sitafanya tena.

Umeelewa nilichokisaga? Ile mikwaruzo ilikuwa mawe ya shamba la viazi. Ilikuwa njia yote kutoka darajani mpaka kizingitini kwa kina Wrona, imeandikwa kwenye chuma, ushahidi ambao babu aliutundika mbele ya macho yetu sote kwa sababu mdomo wake ulikuwa umefungwa. Ulikaa miaka themanini, ukavumilia moshi na mafuta, ukaja kufutwa na mjukuu wake kwa mchana mmoja. Nimelia, nimejitukana, nimetupa ile tindo mtoni. Havijasaidia kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ningeweza kunyamaza. Bibi Apolonia nilimdanganya kwamba kutu hubadilisha mambo, akaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau, akaondoka. Makovu yangebaki, jina la babu lingebaki, na wewe ungekuja na kofia yako. Lakini Teofil Pluta angebaki Podlipie bila jina. Na ningethubutu vipi kumsimulia Zenon habari ya kuburutwa, naye akaja kujua baadaye kwamba makovu ni yangu? Angesema hiyo nayo nimeitengeneza. Habari ya kweli haiwezi kusimama karibu na uongo wangu. Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda bandani asubuhi, nikamwomba Zenon azime mashine, nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

Alivua miwani. Aliniuliza nilitumia tindo ya namna gani, nikamwambia. Aliniuliza moto ulikuwa wa rangi gani, nikamwambia. Baadaye akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba siku ya harusi yako mlango ule wa kuku ulikuwa wa bibi yake, yeye ndiye aliyeung'oa na wazo lilikuwa lake, na kwamba kwa miaka yote hii alikuwa anatafuta namna ya kulisema bila kufa kwa aibu. Makovu yangu yalimpa namna. Sasa nimempokonya. Akatoka akiacha mlango wa banda wazi, nikasema basi, nimemaliza kila kitu.

Saa moja baadaye alirudi na nyundo na ile chapa ya R. Akanikabidhi, akasema, “Gonga mwenyewe.” Chapa ya kwanza ilivunjika, chuma kile hakitaki. Nikachukua ya pili, nikagonga R kando ya kila kovu, upande wa nje, mahali ambapo mpita njia yeyote ataiona. Mlango ni wa asili, majeraha ni nakala, na kila mtu atasoma hivyo. Kisha akaniuliza Podlipie tunapitia wapi.

Tulikwenda kwa gari lake bila redio. Bibi Apolonia alituonyesha kaburi. Zenon alipiga magoti, akalipangusa kuvu kwa leso yake mpaka leso ikawa kijani, akawasha taa ya kaburi aliyoinunua kwenye duka la pale getini. Njiani tukirudi aliniambia hajanisamehe, nisijidanganye. Jina la Walenty halitoki kwenye bamba la shaba, ila tarehe nane, kabla ya kitambaa kufunuliwa, nitapanda nishike kipaza sauti na kusema yote, makovu, grinda na siki, na nikiruka neno moja yeye atalisema kwa sauti. Nikamwambia sitaruka. Hapo akaniuliza kama wewe bado utakuja. Alisema ana neno lake kwako ambalo halitumwi kwa barua, na ukikubali atakungoja mwenyewe stesheni.

Basi nimeshasema. Ulikuwa unakuja kwa ajili ya makovu na makovu ya kweli hayapo. Hasira ni haki yako, nipigie simu unitukane, nitasikiliza. Ila mimi tarehe nane nitapanda pale hata kama nitazomewa, na nitasema kilichofanywa na babu na nilichofanya mimi, kwa mpangilio huo. Hilo halibadiliki.

Na jambo moja la mwisho. Jana nilipokuwa nafunga bawaba ya chini niliona mahali ambapo grinda haikufika. Imebaki mikwaruzo minne pale, urefu wake hauzidi kidole changu cha kati. Tumeupaka mlango rangi lakini pale tumepaacha. Ni lazima mtu apige goti ili apaguse, na la kwako ni bovu, najua. Nitakushikilia.

Msalimu Irena na watoto wake, mwambie asante kwa kukuchongea. Bożena anasema chumba cha mbele amekitandika, uje usije kitabaki kimetandikwa. Mungu akulinde, dada, pamoja na goti lako. Na siku ile akitokea mtu nyuma ya umati akapaza sauti, “Mlango uko wapi, Kobiela?”, safari hii ninalo la kumjibu. Huu hapa. Njoo uuguse.

Mdogo wako,
Seweryn